Mr. Brightside au Seven Nation Army: nafasi ni ya wimbo mmoja tu

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kama ni hela, sina."

Haikuwa hela. Mpwa wangu na wenzake watatu wana bendi pale chuoni, na wamepewa dakika ishirini kwenye hafla ya kuwaaga wanaomaliza. Nyimbo zao wenyewe wanazo nne. Nafasi iliyobaki ni ya kopi moja, yaani wimbo wa wasanii wengine, na kopi hiyo imewagawa: yeye na mpiga solo wanataka Mr. Brightside ya The Killers, wa drams na wa besi wanataka Seven Nation Army ya The White Stripes. Mazoezi mawili yameishia kwa kununiana. Mimi nilipiga besi kwenye bendi ya hoteli za ufukweni miaka tisa, na nyimbo hizo mbili zilikuwa haziishi kuombwa na wageni, kwa hiyo nikaonekana ndiye hakimu.

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana kwa simu salio lingekata kabla hatujafika ubeti wa kwanza. Haya ndiyo majibu, na yeyote mwenye bendi ndogo na nafasi moja ya kopi ayachukue.

Mwaka mmoja, bahati mbili

Singo zote mbili zilitoka 2003. Bendi zote mbili ni za Marekani, na zote zilibebwa mapema na Uingereza kuliko nyumbani kwao. Ila namna zilivyoingia duniani hazifanani kabisa.

White Stripes walikuwa wawili tu, Jack White na Meg White, kutoka Detroit. Gitaa na drams, basi. Mwaka huo walikuwa tayari na jina, wanatoa albamu ya nne, Elephant, ambayo sehemu kubwa waliirekodi London mashariki kwenye studio ndogo iitwayo Toe Rag, kwa vifaa vya kizamani na mashine ya tepu yenye njia nane za sauti. Zile nota za Seven Nation Army zenyewe zilizaliwa mbali zaidi: Januari 2002, Melbourne, Australia, Jack akiwa anajaribu vyombo kabla ya onyesho pale Corner Hotel. Alizipiga mbele ya rafiki yake Ben Swank aliyekuwa karibu, na Swank akajibu kwamba si mbaya. Hayo tu, si mbaya. Jack akaziweka akiba, akiwaza kwamba siku akiombwa wimbo wa filamu ya James Bond atakuwa nazo mkononi. Alipoona siku hiyo haina dalili, akazitumia. (Siku yenyewe ilifika 2008, lakini nota zilikwisha kwenda na maji.)

Jina la wimbo ni la utotoni. Jeshi la Wokovu kwa Kiingereza ni Salvation Army, na Jack alipokuwa mdogo alikuwa akisikia "Seven Nation Army". Wanangu walikuwa na yao ya aina hiyo kwenye wimbo wa taifa, sitayaandika hapa.

Singo ilifika namba 7 Uingereza. Kwao Marekani iliongoza chati ya roki mbadala, lakini kwenye ile chati kuu ya Billboard haikupita namba 76. Mwaka uliofuata ikachukua Grammy ya wimbo bora wa roki.

The Killers ni habari nyingine. Hawa ni wa Las Vegas, na 2003 walikuwa hawajulikani hata mtaa wa pili. Dave Keuning, mpiga gitaa, aliweka tangazo gazetini akitafuta wenzake. Brandon Flowers akalijibu. Keuning alikuwa na vipande vya gitaa, Flowers akaweka maneno juu yake, na maneno hayo hayakutoka hewani. Flowers amesimulia zaidi ya mara moja jinsi alivyokwenda kwenye baa moja ya Las Vegas, Crown & Anchor, akamkuta mpenzi wake na mwanamume mwingine. Akaandika ubeti mmoja. Wa pili hakuuandika, basi akarudia ule ule. Rekodi mnayoisikia mpaka leo kimsingi ni ile ya majaribio. Walipopata fedha za kurekodi upya waliona haifai kuguswa.

Lebo ndogo ya London, Lizard King, ndiyo iliyoiachia singo hiyo kwanza, tarehe 29 Septemba 2003, nakala 500. Nakala mia tano! Kuna wasanii wetu waliokuwa wakiuza kaseti nyingi kuliko hizo kwenye mlango mmoja wa basi. Haikugusa chati. Ilibidi itolewe mara ya pili Mei 2004 ndipo ikafika namba 10 Uingereza, na Marekani ikafika namba 10 pia mwaka 2005.

Kisha ikagoma kuondoka. Kwenye orodha ya nyimbo 100 bora za Uingereza imekaa zaidi ya wiki 400, inatoka inarudi, kama mgeni anayeaga mlangoni kwa saa nzima. Mei 2024 wasimamizi wa chati walitangaza kwamba imeipita Wonderwall ya Oasis na kuwa wimbo mkubwa kuliko zote ambazo hazijawahi kushika namba moja nchini humo: milioni 5.57, mauzo na usikilizaji wa mtandaoni vikijumlishwa pamoja.

Kwa hiyo mkishindana kwa takwimu, wewe na mpiga solo wako mmeshinda. Ila hafla yenu haipigwi na takwimu.

Wimbo uliopotea mwenyewe

Waulize wanachuo wenzako mia moja kama wanaijua Seven Nation Army. Wachache watanyoosha mkono. Kisha wahumie zile nota saba. Ukumbi mzima utakujibu.

Wamezipata wapi? Kwenye mpira. Na njia ziliyopitia inajulikana karibu hatua kwa hatua. Tarehe 22 Oktoba 2003 Club Brugge ya Ubelgiji ilikuwa Milan kucheza na AC Milan, Ligi ya Mabingwa. Mashabiki wake walikuwa baa wakisubiri mechi, wimbo ukapigwa kwenye spika, wakaanza kuhumia. Wakaenda nao uwanjani. Brugge, ambayo hakuna aliyeipa hata sare, ikashinda 1-0 kwa goli la Andrés Mendoza, Mperu. Sasa, wewe ni shabiki, unajua mambo haya: kitu ulichokifanya siku ya ushindi kama ule hukiachi. Wakarudi nao Ubelgiji ukawa wimbo wa nyumbani, unapigwa wakifunga.

Februari 2006 Roma wakaenda kucheza Brugge, wakashinda 2-1, na mashabiki wao wakaondoka na ushindi na wimbo vyote viwili. Francesco Totti alisema hakuwahi kuusikia kabla ya kukanyaga uwanja ule, na baada ya hapo haukumtoka kichwani. Miezi mitano baadaye Italia ilitwaa Kombe la Dunia Berlin kwa penalti dhidi ya Ufaransa, na barabara za Roma zilijaa watu wakiimba "po po po po po" bila kujali nani katunga. Kutoka pale ni uwanja baada ya uwanja. Ukikaa kibanda umiza Jumamosi yoyote, mechi ya Ulaya iwe ya nani, vuta subira dakika tisini. Kuna jukwaa litazihumia.

Kuna jambo moja hapa linanifurahisha. Jack White amesema wimbo huo unahusu umbea: mtu anasemwa mji mzima mpaka anaondoka. Yaani wimbo wa maneno ya watu umeenda dunia nzima kwa mtindo ule ule, mdomo kwa mdomo, na kila aliyeupokea ameongeza lake. Uingereza mwaka 2017 vijana waliweka juu ya nota hizo jina la mwanasiasa Jeremy Corbyn, wakamwimbia mpaka kwenye tamasha la Glastonbury. Maneno ya Jack yako wapi? Hayapo. Hakuna anayeyataka. Na yeye mwenyewe analiona kama heshima, kwamba wimbo umegeuka kuwa wa wananchi.

Mr. Brightside nayo imeingia viwanjani, lakini kwa mlango mwingine. Huko Ann Arbor, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaochukua watu zaidi ya laki moja, huwekwa kwenye spika wakati wa mechi za mpira wa Kimarekani na umati unaimba maneno yenyewe, hata muziki ukizimwa. Ann Arbor na Detroit ni chini ya saa moja kwa gari. Jimbo hilo hilo la Michigan lililozaa White Stripes limechukua wimbo wa watu wa Las Vegas likaufanya wake! Lakini ona tofauti: pale watu wanaimba *wimbo*, pamoja na wivu wote uliomo. Mwenyewe hajapotea. Kila mmoja kati ya wale laki moja amekuwa Brandon Flowers kwa dakika hizo chache.

Kwa watu waliolelewa na taarabu, mada zenyewe si ngeni, sivyo? Umbea upande mmoja, wivu upande wa pili. Bibi yako angezielewa zote mbili kabla ya chai kupoa.

Mkononi

Tuje kwenye kazi.

Seven Nation Army ni nota saba juu ya uzi mmoja. Uzi wa A, kwenye shingo ya gitaa, kituo cha saba, cha saba tena, cha kumi, cha saba, cha tano, cha tatu, cha pili. Mtoto wa darasa la nne nilimfundisha kwa dakika kumi huku nikisubiri fundi amalize kufunga vyombo. Kiitikio hakina, kwa maana tunayoijua. Pale unapongoja kiitikio zinakuja nota zile zile, safari hii gitaa likiwa linanguruma na matoazi yamefunguliwa. Hakuna kitu cha kusahau.

Na hapo ndipo bendi nyingi zinapoumbuka. Wimbo mwepesi namna hii hauna pa kujificha. Ukisikiliza rekodi, Meg anaanza na ngoma ya mguuni tu, du, du, du, du, kama mtu anayegonga mlango na hana haraka. Hapambi. Kisha anafungua, halafu *anafunga tena*. Utamu wote uko kwenye kule kufunga. Bendi yetu ilikuwa na mpiga drams fundi kweli kweli, aliyekuwa hawezi kuacha pengo bila kulijaza mbwembwe. Ubeti wa kwanza alijaza, wa pili alijaza, tulipofika penye mlipuko hakikulipuka kitu, kwa sababu tulikuwa tumelipuka tangu mwanzo. Wageni waliendelea kula kamba wao. Usiku mmoja pedali yake ya kushoto ilikatika, akalazimika kupiga mguu mmoja na ngoma moja, na ule ndio usiku pekee watu walisimama. Hakujifunza.

Sasa neno kwa mwenzako wa besi, na hili linaniuma kama mwanachama wa ukoo huo. Besi maarufu kuliko zote za karne hii si besi. White Stripes hawakuwa na mpiga besi. Lile ni gitaa la Kay la zamani lililopitishwa kwenye pedali ya Whammy, kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti, ikashusha sauti oktavu nzima. Miaka tisa watalii walinijia baada ya onyesho kunisifia kwa kazi iliyofanywa na mguu wa mpiga gitaa. Nilipokea sifa, nilipokea na soda. Kwenu lakini hii ni nafuu: pedali hiyo msihangaike kuiazima, besi halisi itafanya kazi vizuri tu. Tatizo ni mpiga solo, atakaa mikono mitupu mpaka mlipuko. Mwambie akae. Asimame pembeni, mikono mfukoni, watu wamwone amesimama bure. Akiingia hapo ndipo watajua kwa nini alikuja.

Mr. Brightside ni jasho tangu sekunde ya kwanza. Mapigo ni karibu 148 kwa dakika na hayashuki. Gitaa la Keuning linashushwa nyuzi zote nusu hatua, vidole vya kushoto vinatanuliwa mpaka kifundo kinalalamika, na mkono wa kulia haupati pa kupumzika. Mpiga solo asiye na mazoezi ataanza vizuri na kufikia nusu ya pili akiwa amechelewa nusu pigo, na nusu pigo kwenye kasi ile linasikika mpaka getini. Wiki mbili, kila siku. Chini ya hapo msijaribu.

Sauti nayo: ubeti unapita karibu juu ya nota moja, kama mtu anayejisemea peke yake kwa hasira, kisha unapanda, unapanda, na hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Waimbaji wengi wanaianza juu mno kwa mori, wakifika kwenye kiitikio hawana tena pa kwenda. Faida moja: ubeti ni ule mmoja. Mwanamume akirudia maneno yale yale mara ya pili na bado yanauma, wewe unahitaji ubeti wa pili wa nini? Ukishika mmoja umemaliza kazi ya maneno.

Nikilinganisha kwa uzoefu wangu: Mr. Brightside ni ngumu kuipiga, ila ukishaipiga si rahisi kuiharibu, kasi yenyewe inakubeba. Seven Nation Army ni rahisi kuipiga na rahisi kuiua.

Nani yuko mbele yenu?

Hotelini tulikuwa tunaangalia meza kabla ya kuchagua. Kundi la Waingereza wa umri wa miaka thelathini na kitu, bia ya tatu ikiwa mezani: Mr. Brightside, bila mjadala. Walikuwa wanarukia jukwaa. Mmoja aliwahi kuninyang'anya maikrofoni, akaimba akilia na kucheka kwa pamoja, mkewe pembeni anapiga video. Wimbo ule umo ndani ya watu waliokua nao, waliouimba harusini, waliouimba baada ya kuachwa. Lakini meza ikiwa ya mchanganyiko, Wataliano, Wachina, familia ya Mikocheni iliyokuja kwa chakula cha Jumapili, wimbo ule ule ulikuwa unapita kama gari la watu wengine. Wanatazama jinsi mnavyotoka jasho, wanapiga makofi ya adabu.

Seven Nation Army haikuhitaji kuangalia meza. Mhudumu aliyebeba sinia alikuwa anahumia. Mlinzi wa getini pia.

Hafla yenu itakuwa na watu mia tatu, tuseme. Wanaoijua Mr. Brightside kwa moyo watajaa benchi moja, labda mbili, na watapiga kelele kwa niaba ya ukumbi mzima; mtashuka jukwaani mkidhani mmefanikiwa kwa sababu masikio yenu yalikuwa upande wao. Wengine mia mbili sabini watakuwa wanaangalia simu.

Hivyo hukumu yangu ni Seven Nation Army. Wa drams na wa besi wameshinda, waambie wasitambe.

Lakini nakujua, mpwa wangu. Wewe ndiye mwimbaji, na umegundua tayari kwamba kwenye Seven Nation Army mwimbaji si kitu. Ni kweli. Watu wakishazishika zile nota hawaziachii. Watahumia juu ya ubeti wako, watahumia ukishamaliza, na sauti yako itakuwa ya mtu anayeuza karanga katikati ya shangwe. Kama lengo lako usiku huo ni mtu fulani asikie sauti yako (mama yako amenidokeza), basi chukua Mr. Brightside, uifanyie kazi wiki mbili, na uiweke *mwisho*. Baada yake hamtakuwa na pumzi ya wimbo mwingine, wala ukumbi hautakuwa nayo.

Seven Nation Army kinyume chake, iwekeni *mwanzo*. Hapa ndipo bendi changa zinakosea, zinaiacha iwe ya kufungia. Mkiifungia, watu watatoka wakihumia nota za Jack White mpaka mabwenini na nyimbo zenu nne zitabaki ukumbini na viti. Mkiifungulia, walio nje wanakunywa soda watasikia kitu wanachokijua, watasogea mlangoni kuona nani anakipiga, na wakishaingia mnao. Hapo hapo, bila hotuba, bila "tunawashukuru sana waandaaji", ingieni kwenye wimbo wenu wa kwanza.

Na wa drams, kabla hamjapanda, mvueni toazi moja. Akiuliza liko wapi, mwambieni analo mjomba.